Kilo zimepimwa. Na mtoto je?

Chukua kitabu cha kliniki cha mtoto yeyote kwenu, ukifungue. Kurasa za chanjo zimejaa tarehe. Grafu ya uzito ina nukta zake. Halafu kuna ule ukurasa wa makuzi: ametabasamu lini, amekaza shingo lini, anageukia sauti, anakaa, anatembea, anaongea. Cheki kama umejazwa. Vile nimeona kwa watu wangu, huwa mweupe pe.

Najua wengi wenu hamna watoto bado (wenye mko nao, heshima). Lakini nani hushinda na katoto ka dada mama akienda kazi? Ni wewe. Wewe ndio unajua kama ukimwita hageuki.

Na ukisema, utajibiwa nini? Wavulana huchelewa. Hata babake aliongea akiwa na miaka mine. Ama ile hunikera zaidi: ati anachanganywa na lugha, nyumbani Kikamba, nje Kiswahili, katuni Kiingereza. Manze, nusu ya hii Kenya tumelelewa hivyo na tunaongea hadi tunanyamazishwa! Mtoto wa lugha nyingi anaweza kuchanganya maneno, lakini lugha nyingi hazimfanyi awe bubu. Akifika miaka miwili na hajaunganisha hata maneno mawili, kwa lugha zote ukizijumlisha, apimwe. Aanzie masikio. Kuna watoto wanaitwa wakaidi na shida ni kuwa hawasikii, na kila mwezi ukipita ni maneno mengine yamewapita.

Nilimpeleka mtoto wa dadangu kliniki fulani hapa Nairobi, ile sindano ya surua ya miezi 18. Foleni masaa matatu, ndani dakika mbili. Mizani, sindano, "anayefuata!" Hakuna aliyeuliza kama anatembea, na miezi 18 ndio umri ambao kama bado hatembei, unafaa kushtuka. Nesi simlaumu, alikuwa peke yake na benchi imejaa hadi nje. Nalaumu mpango unaohesabu sindano zilizodungwa na hauhesabu maswali yaliyoulizwa. Kwa sababu baada ya hiyo ya miezi 18, kwa wengi sindano za kawaida zimeisha. Kliniki inafaa kuendelea hadi miaka 5, lakini nani anarudi kupanga foleni ya kupimwa kilo tu? Yaani mtoto anapotea kliniki umri uleule kuongea kunafaa kushika kasi.

Wazazi wengine wanaogopa jina. Naelewa, mtaani jina likikushika halitoki. Lakini kupimwa makuzi si kupewa ugonjwa. Ni maswali machache na kumwangalia mtoto akicheza. Inaweza kuisha na "yuko sawa", ama miwani, ama mazoezi ya miguu. Ikiwa ni usonji au mtindio wa ubongo, afadhali ujue akiwa na miaka 2 kuliko 7. Na vituo vya tathmini vya Wizara ya Elimu, EARC, vimekuwepo tangu 1984! Wengi huvisikia mara ya kwanza siku mtoto amekataliwa shule.

Creators wenzangu, zile video za "dalili 5 za usonji" na piano ya huzuni, tulieni. Mimi chuo niliacha, udaktari siujui, na wewe pia huujui. Mtume mtu kliniki.

Serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 mwaka wa 2023, na mikoba yenye mashine ya presha. Poa sana. Wapewe na maswali ya makuzi, hayahitaji betri.

Kabla ya hapo, kazi ni yako. Beba kile kitabu, fungua ule ukurasa mbele ya nesi, mwambie aujaze. Akisema mngoje, uliza mngoje hadi lini, na aandike tarehe.