Wakuu wa Vyuo Vikuu Nao Wafundishwe Kuongoza

Kwa miaka mingi walimu wanaokabidhiwa shule wamekuwa wakipelekwa Bagamoyo kujifunza uongozi, zamani katika chuo cha MANTEP, na tangu mwaka 2001 katika Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu. Hakuna anayedhani kwamba mtu aliyefundisha hesabu vizuri atajua kuongoza shule kwa sababu hiyo tu.

Katika vyuo vikuu mambo ni mengine. Mhadhiri akisifika kwa utafiti wake, leo ni mkuu wa idara, kesho ni amidi, na keshokutwa ameketi katika kikao kinachoamua ni nani aingie chuoni na asome kwa utaratibu gani. Semina ya siku mbili huenda akaipata akiwa amekwisha kukaa kitini. Msomi huyu hana chuki na mtu. Hata hivyo, chini ya uongozi wake wako wanaoachwa nje ya mlango, naye hajui.

Tunalo fundisho letu wenyewe katika jambo hili. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, ilipokutana Musoma, iliamua kwamba kijana asitoke kidato cha sita moja kwa moja kwenda Chuo Kikuu. Sharti afanye kazi kwanza, kisha apendekezwe na mwajiri wake na tawi la chama. Nia ilikuwa njema: kuwapata wasomi wanaoyajua maisha ya wananchi. Sharti lilikuwa moja kwa wote, lakini halikuwaangukia wote kwa uzito mmoja. Miaka ile ya kungoja ndiyo miaka ambayo msichana huolewa na kuzaa, na idadi ya wanawake waliojiunga na chuo ikapungua. Haikuchukua muda mrefu wanawake wakaondolewa sharti hilo. Kosa lilisahihishwa, na hilo ni la kusifiwa. Lakini wako waliokwisha kupitwa na nafasi.

Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kuwapa mafunzo ya awali wasichana waliokaribia kufikia alama za kuingilia masomo ya sayansi. Hapo viongozi walikwisha kutambua kwamba usawa huhitaji kuandaliwa.

Kosa la namna hiyo hutokea hata katika mambo madogo. Katika chuo kimoja nilichopata kukifahamu, mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu alipangiwa mihadhara ghorofa ya tatu, na wenzake wakawa wanambeba kila asubuhi. Mkuu wa idara alipoulizwa alijibu kwamba ratiba ni moja kwa wote. Alisema kweli, na shida ilikuwa hapo hapo. Kubadilishana vyumba viwili kulimaliza jambo lile kwa nusu saa, muhula ukiwa umekwisha.

Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria yake. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inahesabu kudai ngono kwa kutumia cheo kuwa kosa la jinai. Je, ni wakuu wa idara wangapi waliokwisha kuzisoma? Msichana anayebisha hodi ofisini kushtaki hana haja ya hotuba. Anahitaji kiongozi anayejua aandike nini, ampeleke wapi, na amlinde vipi asifelishwe.

Wako watakaosema kwamba chuo kikuu ni mahali pa alama, na huruma itashusha kiwango. Hoja hiyo ina uzito, nami sipendi mtihani urahisishwe kwa ajili ya yeyote. Lakini kumpa asiyeona karatasi ya maandishi ya nukta nundu si kumpunguzia swali hata moja.

Basi mafunzo yatangulie cheo. Amidi mteule na akae wiki kadhaa akijifunza kusoma daftari la chuo chake: wanawake wangapi waliingia na wangapi walimaliza, watoto wa wafugaji na wavuvi wanaishia wapi, wenye ulemavu wako katika masomo gani na kwa nini hawako katika mengine. Afundishwe kupanga bajeti yenye mkalimani wa lugha ya alama ndani yake. Na miongoni mwa wakufunzi wawepo wahitimu wenye ulemavu na washauri wa wanafunzi, ambao huyasikia mengi yasiyofika barazani.

Tume ya Vyuo Vikuu, inapokagua chuo, huuliza shahada za walimu na idadi ya vitabu. Iulize pia ni viongozi wangapi wa chuo hicho waliokwisha kupata mafunzo hayo, na kabla ya kushika kazi au baada yake.