Pareto, Kisiwa na Deni la Shule

Katika miaka yake ya neema, Kenya ilitoa zaidi ya nusu ya pareto yote iliyouzwa duniani, na sehemu kubwa ya maua hayo ilitoka kwetu: Molo, Elburgon, Kuresoi, Mau Narok. Kiwanda cha kuyakamua kilikuwa hapa Nakuru mjini. Familia iliyokuwa na ekari moja ya pareto iliweza kumsomesha mtoto sekondari bila kuuza ng'ombe. Leo anayeongoza katika soko hilo ni Tasmania, jimbo la kisiwa lililo kusini ya Australia. Habari hii tumezoea kuisimulia kama habari ya kilimo kilichoanguka, au ya usimamizi mbovu, na masimulizi yote mawili yana ukweli wake. Lakini makala ya toleo hili yanahusu shule, na mimi nadai kwamba pareto ndiyo mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu inaonyesha kwa uwazi kuliko hotuba yoyote kile kinachoipata nchi inapoichukulia elimu ya umma kama gharama inayoweza kusubiri.

Tuanze na mshahara. Tasmania haikutushinda kwa vibarua wa bei nafuu. Mfanyakazi wa shamba kule hulipwa kwa saa moja zaidi ya alicholipwa mchumaji wa Molo kwa siku nzima. Kwa hesabu ya kawaida ya wafanyabiashara, kisiwa hicho hakikuwa na haki hata ya kushindana nasi. Kilichofanyika ni kwamba Chuo Kikuu cha Tasmania, chuo cha umma, kiliichukua pareto miaka ya 1970 na kuifanya somo. Watafiti wake walichagua mimea inayochanua kwa pamoja, ili shamba zima livunwe kwa mashine mara moja, na wakatafuta ile yenye dawa nyingi zaidi ya kuua wadudu ndani ya ua. Huku kwetu mama aliendelea kupita shambani kila baada ya wiki mbili hivi na kapu lake, akichuma ua lililofunguka na kuliacha ambalo bado, kisha akayaanika juani na kuyapeleka ushirikani. Kazi yake ilikuwa ya ustadi mkubwa. Kisichokuwapo ni taasisi iliyosimama nyuma yake mwaka baada ya mwaka, ikiuongezea ustadi huo maarifa mapya.

Si kwamba maarifa hayajawahi kukaa katika Bonde hili la Ufa. Kituo cha kuzalisha mbegu za ngano cha Njoro kilianzishwa mwaka 1927, baada ya walowezi, akiwamo Lord Delamere, kuona ngano yao ikiliwa na kutu. Walowezi wale walipenda sana kujisifu kwamba kila mtu ajitegemee, lakini ilipofika kwenye ugonjwa wa mimea walijua hakuna mkulima mmoja anayeweza kugharamia miaka kumi ya kuchanganya mbegu. Walitaka fedha za umma zifanye kazi hiyo, na zikaifanya. Egerton ilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo kwa ajili ya walowezi hao hao, ikawa chuo kikuu cha taifa mwaka 1987. Na Njoro ile ile, ugonjwa wa kutu ya shina uitwao Ug99 ulipotokea Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuanza kuitisha dunia, ndiyo iliyopokea ngano kutoka nchi nyingi ili ijaribiwe katika mashamba yake kuanzia mwaka 2005. Aina kama Robin na Eagle 10, zenye kinga dhidi ya ugonjwa huo, zilitoka katika kazi hiyo. Pale tulipoendelea kulipia maarifa, hata kwa kusuasua, dunia ilikuja kwetu.

Pareto ilikuwa na kituo chake cha utafiti Molo. Kilichoiua ni jambo la kawaida mno: wakulima hawakulipwa. Bodi iliyokuwa ikinunua maua ilichelewa miezi, kisha ikachelewa miaka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu waling'oa pareto wakapanda viazi na mahindi. Mkulima akishang'oa, mbegu bora hazina mtu wa kuzipanda, mtaalamu wa mbegu hana kazi, na mwanafunzi wa Egerton hana sababu ya kuchagua somo hilo. Utaona basi kwamba hapa kulipa na kujua havikuwa mambo mawili. Deni lililochelewa ndilo lililofuta maarifa.

Sasa tazama jinsi serikali inavyozilipa shule. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Mwaka 2018 mgao wa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa uliwekwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwaka, ugawanywe asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu. Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba Hazina inaweza kumudu takriban shilingi 16,900 tu. Kauli hiyo ilizua kelele, na serikali ikaahidi kwamba elimu ya bure ingeendelea, lakini walimu wakuu hawakushangaa. Ndiyo hesabu waliyokuwa wakiishi nayo. Kwa shule yenye wanafunzi 400, tofauti ni shilingi 2,137,600 kwa mwaka. Kumbuka pia kwamba kiwango chenyewe ni cha mwaka 2018, kana kwamba bei ya unga na ya umeme ilisimama hapo.

Pengo hilo hujazwa na watu, nao wana majina mtaani kwao. Wa kwanza ni mfanyabiashara wa Elburgon au Bahati aliyeshusha magunia ya maharagwe shuleni, akatiliwa saini hati ya kupokea mzigo, na sasa muhula umeisha anaambiwa asubiri. Mtu huyu ameikopesha Hazina ya Kitaifa bila riba na bila kuulizwa. Wa pili ni mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya usimamizi, ambaye mshahara wake mdogo hutoka katika fungu hilo hilo. Wa tatu ni mzazi anayeitwa mkutanoni aongeze kitu kidogo. Lakini anayelipa zaidi ni maabara. Mpishi asipolipwa ataondoka, na stima isipolipiwa itakatwa. Vyote viwili vitamsumbua mwalimu mkuu hadi apate hela. Asidi na neli za kupimia hazimdai mtu. Hivyo ndivyo jaribio la kemia linavyofanywa na mwalimu peke yake mezani huku darasa zima likitazama, na mwanafunzi akafika mtihani wa mwisho bila kuwahi kushika vifaa kwa mikono yake. Fedha zikichelewa, kinachokatwa kwanza ni kile hasa tulichokijengea shule.

Jibu la haraka ni kwamba fedha hazipo, nchi ina madeni. Madeni yapo, sikatai. Ila gharama haifutiki kwa kutolipwa. Inahamishwa, na inapohama inapanda. Muuza maharagwe akishajua shule italipa baada ya miezi minane, bei anayoiandikia shule si ile anayomuuzia jirani yake. Anayelipa kwa kuchelewa ananunua kwa bei ghali. Na katika miji yetu midogo shule ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa nafaka, maziwa, kuni na viazi, kwa hiyo kuchelewa kwake kunalifikia soko lote.

Wengine watasema Tasmania ni sehemu ya nchi tajiri, na mfano wake hautufai. Basi tuchukue kisiwa kilichokuwa maskini. Mwaka 1961 mwanauchumi James Meade aliitazama Mauritius, iliyotegemea miwa peke yake na yenye watu wengi kuliko kazi, akatabiri mustakabali wa mashaka. Mauritius ilifanya elimu ya sekondari kuwa ya bure mwaka 1977, baada ya miaka ya bei nzuri ya sukari. Bei hiyo ilianguka, nchi ikabisha hodi kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, lakini elimu ya bure haikuguswa. Viwanda vya nguo vilipopanuka miaka ya 1980, vilikuta vijana, wasichana wengi miongoni mwao, waliokwisha kusoma. Kisiwa hicho kiliendelea kuzilipia shule katika miaka ile mibaya, na ndiyo sababu naamini hoja ya kusubiri utajiri kwanza inageuza mambo miguu juu.

Kipingamizi kizito zaidi kinatoka kwa vijana wenyewe, nacho sitakipuuza. Wanauliza faida ya cheti iko wapi ikiwa mwenye digrii ya Egerton anaendesha bodaboda katika mitaa ya Kwa Rhonda au Pipeline. Swali ni la haki, na kuwajibu kwamba wajiajiri ni kuwakimbia. Shule peke yake haizai kazi. Lakini angalia kazi zenye mshahara wa maana zilizobaki katika kaunti hii: mvuke wa Olkaria, ambao mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 1981, mashamba ya maua ya Naivasha yanayohitaji watu wa kupima wadudu, maji na baridi ya ghala. Zote ni kazi za watu waliofundishwa. Kazi za pareto hazikupotea kwa sababu vijana walisoma mno. Zilipotea kwa sababu shirika la umma halikulipa na maarifa yake hayakulindwa. Kuwapunguzia wadogo zao elimu hakutaizalishia kaunti hii hata kazi moja kati ya zile ilizopoteza.

Kuanzia Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wako Gredi ya 10, na wengi wanasukumwa kuchagua njia ya sayansi na teknolojia. Njia hiyo haiendi bila maabara. Kaunti nayo, ambayo tangu mwaka 2013 inasimamia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji, ina miche ya pareto inayowagawia wakulima ili zao lifufuke, lakini itahitaji mafundi na wataalamu wa kulikuza. Kwa hiyo tunalodai katika toleo hili linapimika: Hazina itangaze tarehe ambayo asilimia 50 ya muhula wa kwanza itakuwa kwenye akaunti ya kila shule, kabla lango halijafunguliwa, kiasi kilichotumwa kibandikwe kwenye ubao wa shule ambako mzazi na muuza maharagwe wanaweza kukisoma, na Bunge likitaka kupunguza 22,244, lipige kura hadharani na kuueleza umma ni somo gani litakaloondolewa.