Mlevi, Hakimu na Mkalimani

Ajali za barabarani zimetuzoeza kumhukumu dereva mlevi kabla hajafika kizimbani. Simtetei. Aliyekunywa chang'aa kisha akapanda pikipiki na kubeba abiria anastahili kushtakiwa, awe Nairobi au Lopur. Ninalouliza ni hili: asomewapo shtaka, je, huelewa anashtakiwa kwa kosa gani hasa?

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya hakimwadhibu mtu kwa kunywa tu. Humwadhibu yule aendeshaye chombo, barabarani au mahali pengine pa umma, hali amelewa kiasi cha kushindwa kukimudu. Uzito wa kosa umo katika maneno hayo ya mwisho. Katika mbuga za taifa za Marekani, kanuni zimetenganisha mambo hayo mawili: kushindwa kuendesha kwa usalama ni kosa moja, na kupita kipimo cha pombe mwilini ni kosa la pili. Sisi huyachanganya yote katika neno "kulewa", neno ambalo Mswahili hulitumia pia kwa madaraka na mapenzi.

Sasa tuje Lodwar na Kakuma. Lugha ya mahakama za mahakimu ni Kiingereza au Kiswahili. Watu je? Wapo Waturkana ambao Kiswahili chao ni cha sokoni, wapo Wadinka, Wanuer na Wasomali wa kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, na wapo Wakongo ambao Kiswahili chao si hiki cha hati ya mashtaka. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 50, inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Ni haki nzuri, lakini mkalimani ni binadamu, tena mwenye haraka, na kesi zimejaa. Yamkini sentensi ile ndefu ya kifungu cha 44 itamfikia kijana wa bodaboda hivi: "Unaambiwa uliendesha ukiwa umelewa. Ni kweli?" Naye atajibu, "Kweli, nilikunywa." Karani ataandika kwamba amekiri kosa. Lakini kijana amekiri kunywa. Kuhusu kushindwa kuimudu pikipiki hakuulizwa!

Hili si jambo geni kwa wanasheria. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, mwaka 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliagiza kwamba shtaka na viungo vyake vyote vielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, na maneno yake ya kukiri yaandikwe karibu iwezekanavyo na alivyoyatamka. Kisha maelezo ya kisa yasomwe, na akiyapinga, iandikwe kwamba amekana. Agizo hilo linamdai mkalimani kazi ya kitaalamu, wala sidhani kuijua lugha ya mama kunatosha. Mimi nimesomesha tafsiri miaka mingi, na wanafunzi hodari hukwama kwenye neno "kiasi".

Walimu wa Turkana, pamoja nasi wa vyuo vikuu, tungeweza kuketi na makarani wa mahakama tukaandaa istilahi za mashtaka ya kila siku kwa Kiturkana, kisha kwa lugha za kambini. Tuanze na kifungu cha 44, kwani maneno yake hayajazi hata ukurasa mmoja wa daftari.