Anayeuza bunduki, naye anaua



Usiku mmoja mama wa kanisa letu aligonga mlango wangu hapa Mbau. Akasema: «Pasta, mutoto wangu ametoka ku machimbo ya zahabu. Ameleta bunduki, iko chini ya kitanda. Anasema aliinunua ya kuchunga shimo yake. Nifanye je?»

Nilimwita kijana. Nikamuuliza: «Nani alikuuzia?» Akanyamaza.

Msomaji, ukimya ule ndio ugonjwa wetu. Tangu Oktoba 2014 tumezika watu wengi katika teritware ya Beni. Bunduki ya vita haitengenezwi hapa kwetu. Kila moja ilipita katika mikono ya mtu aliyehesabu feza.

Sheria haikose. Ile ya tarehe 3 Septemba 1985 inakataza mtu kuwa na silaha bila ruhusa ya serikali. Protokoli ya Nairobi ya 2004 inataka nchi zihesabu biashara ya silaha ya kimagendo kuwa kosa la jinai. Mapatano ya Kinshasa ya 2010, yaliyoanza kutumika 2017, yanafuata njia ile ile. Na tangu Mei 2021, kwa ajili ya «état de siège», raia wa Kivu ya Kaskazini walianza kupelekwa mbele ya tribinali ya kijeshi kwa makosa kama haya.

Wengi wanasema: azabu iongezwe. Mimi pia nasema iongezwe, lakini ianze kwa nani? Kijana mwenye bunduki moja anakamatwa upesi. Anayeuza masasi, anayeificha katika mizigo, anayeikodisha kwa usiku mmoja, huyo anakula vizuri na kusalimiwa sokoni. Azabu kali imfikie yeye kwanza.

Na anayerudisha afunguliwe mlango. Katika miaka ya 2000, kule Katanga, Mchungaji Daniel Mulunda na PAREC walimpa baisikeli mtu aliyeleta bunduki. Watu walileta.

Asubuhi tulikwenda kwa chifu sisi watatu, na silaha ikarudishwa kwa wakubwa. Kijana alitaja jina la muuzaji akitetemeka. Yeye aliulizwa siku tatu. Muuzaji hajaulizwa hata saa moja. Mama yule sasa halali, anaogopa kulipiziwa. Ndiyo sababu watu wananyamaza.

Basi, baba na mama, angalieni chini ya vitanda vya watoto wenu. Usinunue bunduki, hata kwa kuchunga shimo. Usimchungie mtu silaha yake kwa sababu ya makuta kidogo. Ukiiona, usiende peke yako. Ita wazee wa kanisa na chifu. Nanyi wakubwa wenye kuhukumu, mchungeni anayesema kweli.

Jioni hii someni pamoja Mezali 1:10-19. Ni juu ya feza inayonuka damu.

Bwana awalinde.