Kadi ya Mchango Nimeipata



Kaka, wifi, na ninyi wengine wote wa ukoo mliomo kwenye kundi la WhatsApp la kamati: kadi nimeipata. Imetengenezwa vizuri, ina maua pembeni, picha ya maharusi watarajiwa, kiwango cha mtu mmoja na kiwango cha wawili. Chini kabisa pameandikwa kwamba ndugu walio nje ya nchi watachangia kwa kadiri walivyobarikiwa. Hapo nilicheka peke yangu ndani ya treni, Wajerumani wakanitazama. Nimeamua kuwajibu hadharani kwa sababu nyumba yetu si peke yake yenye kadi ya namna hii kule Songea, kati ya Lizaboni na Ruhuwiko, na kwa sababu jibu langu likiingia kwenye kundi litazama katikati ya picha za sare na taarifa za mweka hazina.

Pesa ya ukumbi sitoi. Nisikilizeni kwanza kabla hamjasema Ulaya imenibadilisha, maana ninachosema nilikitoa kwenu.

Mwenetu na mkamwana wetu wanaishi pamoja miaka mingi sasa. Mtoto wao mkubwa anajisomea mwenyewe ubao wa namba za nyimbo kanisani. Binti wa watu amepika kwenye misiba yetu yote, amelala hospitali akimuuguza mama yetu, amelima shamba la ukoo. Nilipokuja likizo niliketi naye benchi moja pale Kanisa Kuu la Mtakatifu Mathias Mulumba. Wakati wa komunyo ulipofika alisogeza magoti pembeni ili sisi wengine tupite. Mtoto akamuuliza kwa sauti: "Mama, mbona wewe huendi?" Akamziba mdomo kwa kiganja, akainamisha kichwa. Alifanya haraka, kama mtu aliyezoea.

Nilipouliza kisa, nikaambiwa mahari ilishamalizika zamani, mshenga alishapewa chake, wazazi wa pande zote wameridhia. Kilichobaki ni bajeti. Mwaka mmoja mahindi yalisubiri malipo ya NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, yakachelewa. Mwaka uliofuata bei ilikuwa mbaya. Mwaka huu ukumbi mliochagua umepandisha bei, kwa hiyo kamati imekaa na kuamua kusogeza mbele hadi mwakani, baada ya Pasaka. Na katikati ya hapo Novemba inakuja, na mbolea ya kupandia haisubiri kamati ya mtu.

Niambieni, ni nani aliyetuwekea sharti hili? Sheria ya Kanisa, ile iliyotolewa mwaka 1983, inataka padri au shemasi mwenye mamlaka, mashahidi wawili, na watu wawili wasio na kizuizi wanaotamka kwa hiari yao kwamba wanatakana. Haitaji keki. Haitaji gari la kukodi lenye riboni, wala mshereheshaji kutoka Dar es Salaam, wala sare za aina tatu za kicheni pati, sendofu na harusi yenyewe. Mambo hayo tumejiongezea wenyewe, kisha tukayageuza kuwa mlango ambao asiye na pesa hapiti. Matokeo yake watu maskini wanaishi katika hali ambayo sisi wenyewe tunaiita dhambi, na tunaowazuia wasitoke humo ni sisi, kwa kadi yenye maua.

Najua kaka utanijibu kwa harusi ya Kana. Sawa. Yesu alikwenda, alikula, na divai ilipokwisha alitoa nyingine nzuri zaidi. Mimi si adui wa pilau. Ila angalieni: pale Kana bajeti ilipungua katikati ya sherehe, na hakuna aliyesema ndoa isogezwe hadi baada ya mavuno.

Nimesema ninachosema nilikitoa kwenu. Lakini huku nako nimeona jambo ambalo nataka mlijue.

Siku nikiwa na nafasi huwa napanda treni kwenda Mtakatifu Ottilia, abasia iliyo magharibi ya München. Shirika la abasia hiyo lilianzishwa na Padri Andreas Amrhein mwaka 1884, na ndilo lililotutumia wamonaki waliofungua Peramiho mwaka 1898. Babu yetu alifundishwa useremala na mabruda waliotokea huko, na kitanda alichokitengeneza bado mnakilalia. Kwa hiyo mnaelewa kwa nini mara ya kwanza nilipoingia katika kanisa lao nilitetemeka. Nilikuwa nimefika kwenye chemchemi.

Watu waliokuwamo wengi walikuwa na mvi. Msinielewe vibaya, wamonaki wapo, wanasali vipindi vyao kwa sauti nzuri, na Waafrika tupo pia. Ila katika parokia za vijijini Bavaria, padri unayemkuta altareni mara nyingi ametoka India, Nigeria, au hata kwetu. Wenye nyumba wameondoka. Mwaka 2022 peke yake Wajerumani zaidi ya laki tano walijiondoa rasmi katika Kanisa Katoliki. Huku unajiondoa kwa karatasi mbele ya ofisa wa serikali, na ukishajiondoa hukatwi tena kodi ya kanisa, ambayo Bavaria ni asilimia 8 ya kodi yako ya mapato. (Wale mnaolalamikia bahasha ya zaka, someni sentensi hiyo tena.)

Wengine waliondoka kwa hasira ya haki. Watoto walidhulumiwa na mapadri, wakubwa wakafunika, na mtu asiniambie kulisema hilo ni kulitukana Kanisa. Wengine walitaka kuokoa pesa tu. Lakini mimi nafanya kazi ya kutunza wazee, nawaogesha na kuwalisha, na nimewasikia wakisimulia namna jambo lilivyoanza nyumbani, muda mrefu kabla ya karatasi yoyote.

Kuna bibi mmoja nilimhudumia hadi mwisho wake. Alikuwa amesahau majina ya wanawe, lakini ukimpa rozari vidole vilihesabu vyenyewe, na midomo ilifuata kwa Kibavaria chake. Usiku wake wa mwisho binti yake alikuja, mama mtu mzima, amesoma, ana cheo chake. Akakaa ukingoni mwa kitanda akaushika ule mkono. Alitaka kumsalia mama yake, hakujua aanzie wapi. Akanigeukia mimi, Mngoni wa Songea, akaniuliza: "Wewe unaijua?" Nikamwongoza neno kwa neno, kwa Kijerumani changu cha kuungaunga, sala ambayo mababu zake walitufundisha sisi. Baadaye tukinywa kahawa alinieleza kwamba kwao, alipokuwa mdogo, walisali mezani kila jioni. Kisha baba akaanza kuchelewa kazini. Kisha ikawa Jumapili tu. Kisha Krismasi. Hakuna siku waliyokaa wakaamua kuacha.

Na sherehe hazijafa! Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Jumapili maduka yamefungwa, kwa kinga iliyoandikwa katika katiba ya mwaka 1919 na kurithiwa na ile ya mwaka 1949. Somo la dini lipo shuleni na lina alama kama hesabu. Komunyo ya kwanza ikifika utaona magauni meupe, wapiga picha, mgahawa umekodiwa miezi kabla. Jumapili inayofuata wengi wa watoto wale huwaoni. Sherehe imebaki na afya yake, imani imehama nyumba.

Sasa mnanielewa kadi yenu ilinitisha kwa nini. Tunapenda kusema Wazungu wamemsahau Mungu kwa sababu ya sheria zao za ajabu, na mimi baadhi ya sheria hizo siziungi mkono, sijawahi kuficha. Naamini ndoa ni ya mwanamume na mwanamke hadi kifo. Naamini watu waoane kwanza ndipo waishi pamoja. Mwanangu aliulizwa na rafiki yake wa darasani iwapo ni kweli baba na mama yake hawakujaribu kuishi pamoja kwanza, naye akajibu ni kweli, wakaendelea kucheza mpira. Lakini nikiwa mkweli, hilo swali la yule mtoto wa Kijerumani angeweza kuuliza mtoto wa Mfaranyaki, pale Songea, vilevile. Tofauti ni kwamba hapa hawafungi ndoa kwa kuwa hawaoni haja, na pale hawafungi kwa kuwa hawana ya ukumbi. Miaka ikipita nani atakumbuka sababu?

Nyumbani kwangu huku tunasali saa moja jioni, kabla ya chakula, kwa Kiswahili. Simu zinakaa ndani ya kikapu juu ya friji. Mume wangu, Mmatengo yule mbishi mnayemjua, ndiye anayeanzisha, hata siku aliyotoka zamu ya usiku na macho bado mekundu. Oktoba tunasali rozari fungu moja, si matano, maana watoto wana shule. Mdogo hulala katikati. Siwaambii ili mtusifu. Nawaambia kwa sababu wifi alinieleza kwamba jumuiya yenu siku hizi ni ya akina mama na watoto wa Utoto Mtakatifu, na wanaume huonekana pale mtu akikaribia kufa, ili padri asije akauliza kadi ya jumuiya. Kaka, mimi naamini mume ni kichwa cha nyumba, ulinifundisha wewe. Kichwa basi kipige magoti kwanza. Na kwa kuwa tumefika hapo: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenzi mwenye haki ya kumpiga mwenzake, mila iseme lolote. Hilo nalo liingie kwenye mafundisho ya ndoa, ambayo kwa mwenetu yamepangiwa siku chache, wakati kamati imeshakutana kila Jumapili tangu Pasaka.

Binamu mmoja aliniandikia pembeni kwamba nisihangaike, sheria inawatambua tayari wakikaa miaka miwili. Ni kweli nusu. Kifungu cha 160 cha Sheria ileile ya Ndoa kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawajua kama mume na mke, itadhaniwa ni wanandoa. Inadhaniwa, na mwenye ushahidi anaweza kuja mahakamani kuipinga dhana hiyo. Mwanamke hugundua hivyo akiwa amevaa kaniki ya msiba, shemeji wanapoanza kuuliza yeye ni nani na nyumba ni ya nani. Sitaki mkamwana wetu aulizwe swali hilo na watu wa ukoo wangu. Mimi ni shangazi, kwa desturi yetu neno langu kwenye ndoa hii lina uzito, na leo naliweka mezani.

Nitatuma pesa, lakini kwa jina la mkamwana. Itatosha mbolea ya ekari zao na bati za ile nyumba iliyoishia kwenye lenta. Itatosha pia mchele, maharage, kuku na dagaa nyasa kwa wageni wa uwanjani kwenu, chini ya mwembe. Ngoma ya lizombe ipigwe, nasi tutatazama kwa simu hadi chaji iishe. Wanakwaya hawadai ukumbi. Kama mweka hazina ameshalipa kianzio, aombe kirudishwe. Kisiporudishwa, hasara hiyo ni ndogo kuliko mwaka mwingine wa yule binti kusogeza magoti pembeni.

Taarifa ya nia ya kuoana inahitaji siku 21 kisheria, na matangazo ya kanisani ni Jumapili tatu, yaani muda uleule. Waende ofisi ya parokia Jumatatu hii, wote wawili, na vyeti vyao vya ubatizo. Wakiandikishwa sasa, watakuwa mume na mke kabla ya mvua za kwanza, na Majilio yatawakuta kwenye foleni ya komunyo.

Dada yenu na shangazi yao,
Bavaria.