Intaneti West Nile: Mkonga umefika, lakini swichi ziko tatu

ARUA, Uganda – Kwa miaka mingi West Nile ilikuwa kama kisiwa katika nchi kavu. Gridi ya taifa ya umeme haikufika, na Arua ilitegemea jenereta na, tangu 2012, mtambo mdogo wa maji wa Nyagak wenye uwezo wa megawati 3.5. Intaneti nayo ilikuwa ya kubahatisha. Hali hiyo imebadilika, lakini wafanyabiashara na wasafirishaji wanaopita Vurra na Oraba wana tatizo jipya: mtandao upo, ila uamuzi wa kuuzima hauko mikononi mwao, wala hauko mikononi mwa nchi moja.

Kutoka Mombasa hadi Koboko

Uganda haina bahari. Sehemu kubwa ya data yake hupitia mikonga ya Bahari ya Hindi inayotia nanga Mombasa: SEACOM na TEAMS iliyoanza kazi 2009, na EASSy ya 2010. Kutoka pwani safari ni ya nchi kavu. Mkonga wa taifa, uliojengwa na Huawei kwa mkopo wa China, ulianzia Kampala. West Nile iliingia baadaye, kwa mradi wa Benki ya Dunia uliosimamiwa na mamlaka ya NITA-U, ambao uliufikisha Arua, Koboko, Yumbe na Moyo.

Mnyororo mrefu hukatika popote. Mei 12, 2024, mikonga ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini, mtandao ulilegea Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja. Visiwa vya Tonga, katika Pasifiki, vilionja makali zaidi Januari 2022: volkano ilikata mkonga wao wa pekee na ukakaa takriban wiki tano bila kutengenezwa. Aliye mwisho wa mstari ndiye wa kwanza kuumia, na Koboko iko karibu na mwisho huo.

Forodha bila karatasi

Athari ni kubwa leo kuliko miaka 20 iliyopita kwa sababu biashara yenyewe imehamia mtandaoni. Wakala wa forodha hutuma hati za mzigo kwa mfumo wa ASYCUDA. Lori la mzigo wa kupita hufungwa lakiri ya kielektroniki inayofuatiliwa na mamlaka za mapato za Uganda, Kenya na Rwanda, utaratibu ulioanza 2017. Malipo ya mafuta, posho ya dereva na deni la mteja wa Ariwara husafiri kwa simu.

Tangu Januari 1, 2021, mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa VAT nchini Uganda anatakiwa kutoa risiti kwa mfumo wa EFRIS. Siku 12 baadaye, Januari 13, usiku wa kuamkia uchaguzi mkuu, serikali ilizima intaneti nchi nzima. Ilirudi Januari 18. Serikali hiyo hiyo inayomtaka mfanyabiashara awe mtandaoni ili alipe kodi ndiyo iliyomwondolea mtandao kabla mwezi haujafika nusu.

Serikali tatu, mtandao mmoja

Mahali panapoitwa Salia Musala, wilayani Koboko, ndipo Uganda, Congo na Sudan Kusini zinapokutana. Serikali zote tatu zimewahi kuzima au kufunga mtandao.

Uganda ilifunga mitandao ya kijamii na huduma za fedha kwa simu katika uchaguzi wa Februari 2016, kabla ya kuzima mtandao wote 2021. Congo ilizima intaneti Desemba 31, 2018, siku moja baada ya kupiga kura, na ikakaa gizani takriban siku 20. Sudan Kusini iliamuru Facebook na TikTok zifungwe Januari 2025. Amri hiyo iliondolewa siku chache baadaye.

Kwa msafirishaji hesabu ni rahisi. Mteja wa Kaya, muuzaji wa Arua na mnunuzi wa Aru wanategemea swichi tatu tofauti. Ikizimwa moja tu, malipo husimama, na lori huendelea kula gharama ya maegesho, ulinzi na chakula cha dereva.

Kodi juu ya bando

Hata mtandao ukiwa wazi, una bei. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, pamoja na kodi ya 1% kwenye fedha za simu. Baada ya malalamiko, kodi hiyo ya pili ilishushwa mwaka huo huo hadi 0.5% na kubaki kwenye kutoa fedha tu, yaani shilingi 5,000 kwa kila milioni moja, mbali na ada ya kampuni ya simu. Tozo ya shilingi 200 ilifutwa Julai 2021, na mahali pake ukaja ushuru wa 12% kwenye bando za intaneti.

Nini kifanyike

Nchi zote tatu ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: Sudan Kusini tangu 2016 na Congo tangu 2022. Hapo ndipo penye mlango wa kudai. Afrika Magharibi imeonyesha njia: Juni 2020 mahakama ya ECOWAS iliamua kwamba Togo ilivunja haki za watu ilipozima intaneti 2017. Vyama vya wafanyabiashara vya Arua na Koboko vina hoja ya wazi ya kupeleka Arusha: mifumo ya forodha, kodi na malipo isiguswe hata pale serikali inapofunga mengine, na faini ya kuchelewesha hati isihesabiwe kwa siku ambazo mtandao umezimwa kwa amri.

Wakati hayo yakisubiriwa, kuna ya kufanya mapema. Kalenda ya uchaguzi ya nchi tatu hujulikana miezi mingi kabla. Mzigo mkubwa usipangwe kufika mpakani wiki hiyo. Mkataba wa usafirishaji utaje nani analipa siku za lori kusimama mtandao ukizimwa. Nakala za hati zichapishwe kabla ya safari, na dereva awe na fedha taslimu za kumtosha hadi nyumbani. Kwa EFRIS, mfanyabiashara amuulize mtaalamu wake kuhusu vifaa vinavyotunza risiti hadi mtandao urudi.

Mkonga umeitoa West Nile kwenye upweke wa zamani. Sheria za kuulinda bado hazijafika mpakani.