Bendi zipewe uwanja wao, na uwe Jamhuri

KONA YETU
Na Wambui Gachanja

Tamasha la Muziki la Kenya lilianza 1927, na karibu miaka 100 baadaye bado ni mgeni kila linapolala. Mwaka huu chuo hiki, mwaka ujao kaunti ile, na kila mara maofisa wa elimu huanza upya: mabweni yako wapi, maji yatatosha, jenereta ni ya nani. Kwaya huyavumilia maisha hayo. Mwimbaji hubeba ala yake kifuani, na ukumbi wowote wenye paa na mlango unaofungika humtosha. Anayeumia ni mpiga bendi ya gwaride, na leo nataka kumsemea.

Kwake yeye uwanja ni sehemu ya ala. Vijana 40 wanapogeuka pamoja huku wakipuliza, kila mmoja amehesabu hatua zake: nane mpaka mstari ule, nne za kugeuka, nane za kurudi. Uwanja ukipungua hatua sita kuliko ule wa mazoezi, safu ya nyuma inaishia mapajani mwa watazamaji. Ardhi ikiwa na mashimo, wa kwanza kujikwaa ni mbeba ngoma kubwa, maana haoni miguu yake. Jaji naye hawezi kuhukumu mistari akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki usawa wa wachezaji. Lazima awe juu, aone umbo zima likifunguka na kufunga. Halafu kuna sauti. Tarumbeta zikielekezwa kwenye jukwaa la zege, zege hujibu. Zikielekezwa kwenye shamba la mahindi, zimekwenda. Mkufunzi anayeujua uwanja huyapanga haya miezi kadhaa mapema. Asiyeujua huyapanga asubuhi ya mashindano, chai mkononi, na hapo kombe huenda kwa aliyebahatika.

Pendekezo langu basi. Fainali za bendi za gwaride nchini, za shule na za brigedi za makanisa, zipewe uwanja mmoja kwa miaka 10. Uwanja huo uwe Jamhuri Showground, hapa Ngong Road, mwendo mfupi kutoka Dagoretti Corner. Ndiyo, ni karibu na kwangu. Endelea kusoma hata hivyo.

Bendi tunazo. Jijini Nairobi hakuna matembezi ya hisani yanayoanza bila tarumbeta mbele. Jeshi la Wokovu, ambalo limekuwa Kenya tangu 1921, limewafundisha kupuliza shaba watoto ambao hawangeiona shuleni, kuanzia hapa mjini hadi Vihiga na Kakamega. Magereza wana bendi, polisi wana bendi, NYS wana bendi. Starehe, iliyoanzishwa 1959, ina bendi ambayo jina lake linajulikana hata na watu wasiokumbuka shule hiyo iko mtaa gani. Pande zetu hizi za Dagoretti na Kikuyu, ambako wamisionari wa Uskoti walipiga kambi Thogoto 1898, brigedi za kanisa la PCEA hupita barabarani na ngoma zao na makonda wa matatu za 111 hulazimika kunyamaza kwa dakika mbili, jambo ambalo serikali haijawahi kulifanikisha.

Tunachokosa ni watazamaji wanaojua wanachokitazama, na hao hawapatikani kwa kuhamahama.

Nieleze. Kwenye barabara hii hii kuna uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, uliopo hapo tangu 1954. Nenda Jumapili ya mbio ukasimame karibu na wazee wanaoegemea uzio. Farasi akipitishwa tu mbele yao, hata hajakimbia, wanakwambia yuko tayari au hayuko. Hawakusomea popote. Wamesimama mahali pamoja kwa miaka mingi wakitazama kitu kile kile, na jicho likaiva. Kwenye mashindano ya bendi yanayohama, kila mwaka tunaleta umati mpya unaoona mambo hayo kwa mara ya kwanza. Umati wa namna hiyo hushangilia kiongozi anayerusha fimbo juu na kuidaka. Safu iliyogeuka bila kupoteza mdundo haipati hata makofi matatu. Wakufunzi si wajinga: wakiona hivyo, mwaka unaofuata wanafundisha kurusha fimbo.

Ukitaka mfano mwingine, tusitoke Ngong Road. Safari Sevens, mashindano ya raga ya wachezaji saba, yalizaliwa uwanja wa RFUEA 1996. Uwanja ule mdogo ulijaa hadi watu wakakaa nyasini, na katika kujaa huko raga ikapata mashabiki ambao hawajawahi kuushika mpira wenyewe. Kisha ikaonekana watu wa raga wamekuwa wakubwa mno kwa nyumba yao. Wakapelekwa Nyayo, wakapelekwa Kasarani. Viti viliongezeka, ule msongamano uliowafanya wawe wao ukayeyuka, na baadaye mashindano yakarejea RFUEA. Wanaopanga mambo ya bendi wangefanya vizuri kuwanunulia watu wa raga chakula cha mchana na kuwauliza walijifunza nini.

Wala ushindani wa bendi si mgeni kwetu. Mwisho wa karne ya 19 pwani yetu iliona ala za Wazungu, ikazichukua, ikazaa beni. Mombasa kulikuwa na Kingi na Scotchi, vikundi vyenye sare, vyeo vya kujipachika na uhasama wa kujivunia. Tanganyika kulikuwa na Marini na Arinoti, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowachanganya askari na wapagazi, beni ilisafiri nao hadi bara na hadi Nyasaland. Waliobeba mizigo ya vita hivyo ndio waliotuachia jina la Kariokor. Wakoloni waliitazama beni kwa wasiwasi, lakini kilichoikuza ni jambo dogo: wapinzani waliishi mji mmoja, wakakutana tena na tena katika mitaa ile ile, mbele ya watu wale wale waliokumbuka nani alishindwa safari iliyopita. Mpinzani unayekutana naye leo Nyeri na hutamwona tena hakupi usingizi mbaya wa aina ile.

Wenzetu walioliona hili mapema wapo. Drum Corps International ya Marekani ilifanya fainali yake ya kwanza Whitewater, Wisconsin, 1972, kisha ikazurura miaka mingi, ikafika hadi Montreal. Mwishowe ikatia saini mkataba wa miaka 10 na Indianapolis na kuhamishia huko hata ofisi zake kutoka Illinois. Mwaka wa kwanza wa mkataba, 2008, uwanja mpya wa Lucas Oil haukuwa umekamilika (kumbe hata wao!) na fainali ikachezwa Bloomington, 2009 wakaingia, na mkataba umeongezwa tangu hapo. Kerkrade, mji mdogo wa Uholanzi, umealika bendi za dunia takriban kila baada ya miaka minne tangu 1951. Watu wengi hawangelijua jina la Kerkrade bila hilo.

Najua jibu litakalokuja: ugatuzi. Tangu Madaraka ya 2016 ipelekwe Nakuru, sikukuu za taifa zimezunguka nchi nzima, Nyeri, Meru, Narok, Kisumu, Embu, Bungoma, Homa Bay, na kila mwenyeji amepata angalau jukwaa na rangi mpya. Sipingi. Lakini bendi inayopiga siku hiyo ni ya wanajeshi, watu wazima wanaolipwa, waliofika mapema na kurudia gwaride papo hapo mpaka likakaa. Mtoto wa shule hushuka basi usiku, hulala kwenye godoro la kuazima, na kuuona uwanja asubuhi anapoitwa jina. Anayedhani mambo haya mawili ni sawa hajawahi kubeba ngoma.

Kuhusu umbali, fungua ramani. Mtoto wa Mandera, wa Lamu au wa Voi anayekwenda fainali Kisii au Kakamega hupitia Nairobi. Sisi humpungia mkono. Watakaopoteza kwa mpango wangu ni shule za magharibi, ambazo baadhi ya miaka zingekuwa nyumbani, na hiyo ni hasara ya kweli. Ilipwe kwa nauli: bendi inayotoka mbali zaidi ilipiwe basi zima kwa fedha ambazo sasa zinaishia kwenye mahema ya kukodi kila mwaka. Ngazi za kanda ziendelee kuzunguka kaunti zote, maana huko ndiko mashabiki wa kwanza wanakozaliwa. Na iwapo Nakuru itajitokeza na mkataba bora kuliko wetu, sitanuna. Ninachokipinga ni kuhama.

Kwa nini Jamhuri, na si ule uwanja mpya wa Talanta jirani? Talanta, ambao ujenzi wake ulizinduliwa Machi 2024, ni wa watu 60,000 na ulianzishwa kwa ajili ya AFCON 2027. Watoto 40 katikati ya viti 60,000 wataonekana kama waliopotea, na hakuna meneja wa uwanja wa soka atakayeruhusu buti 80 zikanyage nyasi zake. Uwanja wa maonyesho wa Jamhuri umezoea bendi tayari, kila Maonyesho ya Nairobi yanapofika. Majukwaa yako karibu, sauti inafika. Ndani kuna barabara pana ambako bendi kumi zinaweza kupasha moto bila kuzibiana masikio. Fainali zikiwa mwezi Agosti, shule zimefungwa, na mabweni ya Lenana, ya Moi Girls na ya Dagoretti High hayana mtu.

Pendekezo langu lina dosari? Baridi. Idara ya Hali ya Hewa iko hapa hapa Dagoretti Corner, karibu mita 1,800 juu ya bahari, na haihitaji kutwambia Agosti ni mwezi wa sweta. Shaba ikipoa sauti hushuka, na mpuliza tarumbeta wa Mombasa ataishiwa pumzi kabla ya mwenzake wa Limuru. Ila baridi ile ile kila mwaka ni jambo unaloweza kujiandaa nalo. Wa Mombasa waje siku mbili mapema, na wote wapewe ukumbi wa kupashia ala joto.

Wizara ya Elimu na Chama cha Kilimo, kinachomiliki maonyesho hayo, wakae meza moja kabla ya silabasi ijayo ya tamasha kuchapishwa. Mkataba uwe wa miaka 10, ada ya uwanja iandikwe mle, mistari ya uwanja ichorwe kwa vipimo ambavyo kila shule itatumiwa. Nawe mzazi ambaye mwanao hupiga ngoma ya brigedi sebuleni Ijumaa usiku, mpigie mbunge wako simu umuulize anangoja nini.